Babu hakurudi kutoka Bama: jina lake laweza kuwa Nairobi

Wajukuu hulalamika: "Babu alichukuliwa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akafia Bama (Burma, leo Myanmar), na Waingereza hawakuandika hata jina." Kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza lawama hiyo ni ya haki, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba wengi waliachwa bila majina. Lakini kwa askari wa Vita vya Pili, mara nyingi jina lipo. Orodha ya Tume hupekuliwa mtandaoni bure.

Tatizo ni kwamba watu hutafuta Burma tu, na wengine hawakufika huko. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon (leo Sri Lanka), ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hawa wanakumbukwa Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong.

Usipomwona babu kwenye orodha, badilisha tahajia. Karani aliandika alivyosikia: Mwangi akawa Muangi, Juma bin Ali akawekwa kwenye J. Namba ya askari, ikiwa imebaki kwenye barua yoyote ya zamani, hukata ubishi wote.