Nguchiro Dhidi ya Nyoka wa Njuga: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba nguchiro hadhuriki kwa sumu ya nyoka yeyote, na kwa hiyo akikutanishwa na nyoka wa njuga, yule wa Marekani anayetikisa ncha ya mkia kutoa onyo, atamuua bila taabu. Ukweli ni kwamba sifa hiyo nguchiro ameipata kwa swila. Sumu ya swila hupooza misuli kwa kunasa kwenye vipokezi vinavyopokea amri ya neva, na vipokezi vya nguchiro vimeumbika tofauti kidogo, kiasi kwamba sumu hiyo haipati pa kushika. Nyoka wa njuga ni wa ukoo mmoja na kifutu, na sumu ya spishi zake nyingi huharibu mishipa ya damu na nyama. Kweli, katika damu ya nguchiro wa Asia zimepatikana protini zinazozuia vimeng'enya vya kuvujisha damu, lakini kinga hiyo ina kikomo, na nyoka mkubwa aliyezamisha meno barabara anaweza kuizidi.

Wapo pia wanaotegemea wepesi wa nguchiro peke yake. Swila huinua kifua, hutanua shingo na kupiga kuelekea chini, hivyo nguchiro hupata nafasi ya kumkwepa mara kwa mara mpaka achoke. Nyoka wa njuga hupiga akiwa amejikunja chini, na pigo lake hufika kwa muda usiozidi sehemu ya kumi ya sekunde. Tena ana vishimo viwili kati ya macho na pua vinavyohisi joto la windo hata gizani. Kwa maoni yangu, nguchiro mzoefu angemmudu nyoka mdogo, ila kwa nyoka aliyepita urefu wa mita moja na nusu nisingethubutu kumpa ushindi.

Pambano lenyewe, hata hivyo, ni vigumu kulipata porini. Nyoka wa njuga huishi Amerika tu, ilhali asili ya nguchiro ni Afrika, Asia na kusini mwa Ulaya, na sheria ya Marekani ya mwaka 1900 iliyoitwa Lacey ilikataza kumwingiza nchini humo. Jaribio moja linalokaribia pambano hilo lilifanyika Japani, ambako nguchiro waliachiliwa Okinawa mwaka 1910, na Amami Oshima mwaka 1979, ili wawamalize habu, nyoka wa kundi moja na nyoka wa njuga. Waliolitazamia pambano hilo walisahau jambo dogo: habu hutembea usiku, nguchiro hutembea mchana. Nguchiro wakageukia wanyama adimu wa visiwa hivyo, kama ndege na, huko Amami, sungura, na Amami ilitangazwa kuwa haina nguchiro tena mwezi Septemba 2024, baada ya miaka mingi ya kuwatega.

Huko Amerika, anayemla nyoka wa njuga kwa mazoea ni nyoka mwenzake, aitwaye nyoka mfalme, ambaye humkaba kwa kumzungushia mwili na hustahimili sumu yake. Nyoka wa njuga akinusa harufu ya adui huyo, mara nyingi haumi, bali huficha kichwa chini na kumchapa kwa kuinua sehemu ya kati ya mwili wake.