Ngumi ya jicho huvunja mfupa gani?

Tundu la jicho lina mifupa mingapi?
Saba. Juu ni mfupa wa paji la uso, upande wa sikio mfupa wa shavu, chini taya la juu. Nyuma kabisa ni sfenoidi, na ndani yake hupita neva ya kuona kuelekea ubongoni. Upande wa pua kuna ethmoidi na mfupa mdogo wa machozi. Wa saba ni wa kaakaa, nao huchangia kipande kidogo tu nyuma ya sakafu. Hata wanafunzi wa udaktari huusahau. Tundu zima hubeba mililita 30 hivi. Jicho huchukua kama 7; kwingine ni mafuta, misuli, neva na mishipa ya damu.

Dhaifu ni wapi?
Si ukingo wa mbele. Huo ni mgumu, upapase utaona. Ukuta wa upande wa pua ndio mwembamba kama karatasi, milimita 0.2 hadi 0.4. Sakafu nayo ni nyembamba, na chini yake ni sainasi ya shavu, yaani uwazi wenye hewa ndani ya mfupa. Ngumi au mpira ukitua jichoni, sakafu hupasuka, mafuta na pengine msuli huzama humo.

Dalili zake?
Kuona kitu kimoja viwili, hasa ukitazama juu. Ganzi ya shavu, mdomo wa juu na meno ya juu, kwa kuwa neva ya sehemu hizo hupita sakafuni. Uvimbe ukishuka, jicho huweza kuonekana limezama.

Kwa nini nakatazwa kupenga kamasi?
Hewa ya sainasi hupenya kwenye ufa na kope huvimba papo hapo. Chafya ikija, acha mdomo wazi.

Mwanangu amegongwa, jicho ni jeupe kabisa, halina wekundu, ila anatapika. Ni kichwa?
Huenda, lakini mwulize daktari na kuhusu jicho. Mfupa wa mtoto hupinda, hufunguka, kisha hurudi na kuubana msuli. Msuli ukivutwa, mapigo ya moyo hushuka na kichefuchefu huja. Msuli uliobanwa hufa, hivyo upasuaji hufanywa ndani ya saa 24 hadi 48. Mtu mzima asiyebanwa msuli huweza kusubiri hata wiki mbili.

Lipi halisubiri hata saa?
Jicho lililotokeza, gumu, linalouma, huku kuona kunafifia. Damu imejaa nyuma yake, na baada ya dakika 90 hadi 120 upofu waweza kuwa wa kudumu. Hapo daktari hukata kwanza kano ya kope upande wa nje ili kupunguza shinikizo. Picha ya CT itafuata.