Je, Urusi ya wafalme haikuwa na viwanda?

Wengi tunaamini kuwa Urusi kabla ya mapinduzi ya 1917 ilikuwa nchi ya wakulima watupu, na kwamba viwanda na umeme vililetwa na watawala waliofuata. Dhana hiyo haikutoka hewani. Sensa ya 1897 ilionyesha kuwa waliojua kusoma walikuwa takriban mmoja kati ya watano.

Hata hivyo, mwaka 1901 hivi, visima vya Baku, mji uliokuwa ndani ya Urusi wakati huo, vilitoa karibu nusu ya mafuta ya dunia. Reli ya Siberia ilianza kujengwa 1891. Sheria ya 1897 iliweka kikomo cha kazi viwandani: saa 11 na nusu kwa siku (kikomo gani hicho!). Bunge nalo lilifunguliwa 1906, ingawa mfalme alilivunja alipotaka.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta mtandaoni picha za rangi za dola hiyo, za kati ya 1909 na 1915. Kila moja ilipigwa mara tatu kupitia vichujio vyekundu, kijani na buluu, ndiyo maana maji yanayotiririka yana michirizi ya rangi. Mojawapo inaonyesha jenereta zilizotengenezwa Budapest, zimepangwa safu ndani ya kituo cha umeme. Nyingine zinaonyesha wakulima shambani.