Je, wajua kwa nini Waingereza hawasemi "badder"?

Mpwa wangu wa darasa la sita alikuwa amekaa sakafuni na daftari la Kiingereza, anajaza jedwali. Tall, taller, tallest. Small, smaller, smallest. Alipofika kwenye bad akaandika badder, baddest, akafunga daftari akaenda zake kucheza. Kesho yake likarudi na wino mwekundu: worse, worst.

"Anko, hiyo worse imetoka wapi? Haifanani na bad hata herufi moja."

Nikahesabu herufi. Kweli, hata moja. Basi jibu ni hili: bad ni mgeni aliyerithi nyumba ya mwenzake, na watoto aliowakuta humo si wake.

Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa evil. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, ubaya wa kila namna uliitwa yfel, na ndilo hilo evil la leo. Ukitaka kusema "mbaya zaidi" ulisema wyrsa, na "mbaya kuliko yote" wyrst. Tena hata yfel hakuwazaa hao wawili. Walitoka ukoo mwingine wakalelewa pale. Ndiyo hali ya good na better pia. Maneno yanayosemwa kutwa mara mia hayaogopi kwenda kinyume cha kanuni, kwa sababu mtoto huyasikia mapema na kuyakariri kabla hajaijua kanuni yenyewe.

Bad lenyewe linaanza kuonekana kwenye maandishi katika karne ya 13, likiandikwa badde. Lilikotoka hapajulikani vizuri. Wapo wanaolihusisha na bæddel, neno la kale la kumkejeli mwanamume aliyeonekana kuwa na mambo ya kike, ila hakuna aliyelithibitisha hilo. Cha kuchekesha ni kwamba Kiajemi nacho kina neno bad, lenye maana ileile, na wataalamu wanasema hayo mawili hayana udugu wowote. Yamegongana tu njiani. Mwajemi humwita mtu asiye na bahati badbakht, na hiyo bakht ndiyo iliyotufikia sisi ikiwa "bahati".

Urithi wenyewe haukukamilika kwa siku moja. Chukua Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, ya mwaka 1611, ufungue Yeremia sura ya 24, kwenye habari ya vikapu viwili vya tini. Mstari wa pili unasema tini za kikapu kimoja hazikulika kwa jinsi zilivyokuwa bad. Mstari wa tatu, tini zilezile, kikapu kilekile, sasa ni evil. Mwingereza wa leo akisikia tunda linaitwa evil atadhani lina mapepo. Wakati ule yalikuwa bado yanagombania chumba kimoja. Baadaye evil likabaki na dhambi, shetani na roho za watu, na bad likachukua vilivyobaki vyote.

Na ni vingi kwelikweli. Yai likiharibika ni bad, kwetu ni yai viza. Barabara yenye mashimo ni bad, sisi tunasema mbovu. Mkopo usiolipika ni bad, na mabenki ya Tanzania yanauita mkopo chechefu. Mtoto akiwa bad kwenye hesabu, sisi tunasema hesabu hazipandi. Goti likiwa bad, linamsumbua. Anayefasiri bad kwa "-baya" kila anapolikuta atatuletea maembe mabaya na meno mabaya, wakati kila mtu sokoni anajua embe huwa bovu na jino huwa bovu. Kiswahili nacho kiligawa vyumba: -bovu na -ovu ni neno moja kwa asili, udugu wao ni na kuoza, ila -bovu limekaa na matunda na mashine, -ovu likaenda kukaa moyoni mwa mtu. Mwingereza akisema anajisikia bad, usikimbilie kumpa dawa. Huenda haumwi, anajutia jambo alilokutendea.

Halafu kuna not bad. Kwa Mwingereza hiyo yaweza kuwa sifa nzito, na wageni wengi huipokea kama tusi. Sisi hatuna sababu ya kushangaa, maana tunasema "si haba" kwa maana hiyohiyo, na salamu yetu ya kila asubuhi, sijambo, ni kukanusha kwamba kuna jambo.

Mpwa wangu alikuwa ameanza kupiga miayo, nikamwambia Chaucer, mshairi mkubwa wa Kiingereza wa karne ya 14, aliandika badder bila kuona haya. Akazinduka. "Kwa hiyo nilipata?"

Nusu. Badder na baddest zilitumika kwa karne kadhaa kisha worse na worst zikazishinda. Lakini Wamarekani weusi tangu zamani wamekuwa wakiligeuza bad kuwa sifa, kama vile sisi tunavyosema pilau la fulani ni balaa, au mshambuliaji fulani ni hatari. Muhammad Ali, akiwa na miaka 22 na bado akiitwa Cassius Clay, alipomshinda Sonny Liston kule Miami Beach Februari 1964, alipiga kelele ulingoni kwamba yeye ni "a bad man". Hakuwa anatubu.

Sasa ubaya wa namna hiyo ukitaka kuuzidisha, worst haifai. Ukimwita bondia the worst, umesema hajui kupigana. Ndiyo maana Mike Tyson alipewa jina la "the baddest man on the planet", kwa neno lilelile ambalo mwalimu alilikata kwa wino mwekundu.

Dogo akaniomba nimwandikie hayo chini ya jedwali, ampelekee mwalimu. Nikamwambia aandike worst.