Geuzo la kamba si tegemeo la pili

Geuzo ni mahali ambapo kamba ya mkwezi, ikishatoka kwenye tegemeo lake, hupitishwa juu ya tawi au ndani ya kapi ili imfikie kutoka upande mwingine. Tegemeo ndilo linalombeba, na geuzo huielekeza kamba tu. Ningeishia hapo, lakini juzi nilipita Tudor, mtaa wa hapa Mombasa, chini ya mwembe uliokuwa ukipunguzwa matawi yaliyolalia paa la mabati, nikauliza kwa nini kamba ya aliye juu imepindishwa kwenye tawi jembamba kiasi kile. Kijana aliyekuwa akiiangalia kamba kutoka chini alinijibu kwa adabu: "Usitie shaka, ami. Kapi ni mawili, moja likiachia lipo la pili, na tena yanapunguza uzito." Si yeye wa kwanza kuniambia hivyo, na kila nisikiapo maneno hayo humwogopea aliye juu.

Naamini kosa hili linatokana na neno lenyewe. Siku hizi kila gurudumu linalopitisha kamba tunaliita kapi, au roda. Roda tuliipata kwa Wareno, ambao kwao maana yake ni gurudumu, na kapi linafanana na neno la Kimarathi, kappi, ambalo nalo hutaja kifaa hichohicho. Yote mawili yanataja umbo la kifaa na kunyamaza kuhusu kazi yake. Mabaharia wa majahazi walikuwa waangalifu zaidi. Kamba nene inayobeba foromali, ule mti unaofungiwa tanga, huitwa henza, nayo hupanda hadi kichwa cha mlingoti, ikageuka hapo na kushuka, na mwisho wake hufungwa gofia. Kamba nyembamba zaidi, jarari, huzunguka kati ya gofia hiyo na abedari iliyokazwa chini kwenye sitaha. Gofia na abedari zote mbili ni kapi kwa umbo, lakini gofia husogea pamoja na mzigo ilhali abedari haiondoki mahali pake, na ndiyo maana kila moja ilipewa jina lake. Kinachowapunguzia mabaharia nguvu ya kuvuta ni gofia ile inayosogea, nao hulipia nafuu hiyo kwa kuvuta kamba ndefu zaidi. Kichwa cha mlingoti hakipunguzi chochote. Kinaigeuza henza tu, na kwa kuigeuza kinabeba uzito wa foromali na tanga, kikaongezewa mvuto wa upande wa pili, ambao unakaribia kulingana na uzito huo.

Tawi lenye geuzo liko katika hali ya kichwa cha mlingoti. Tuseme mkwezi pamoja na hanesi, yaani mikanda ya kumfunga kwenye kamba, msumeno na vyuma vyake ana kilo 90. Kamba ikipanda na kushuka sambamba, tawi linaloigeuza hubeba kilo 180. Pande mbili za kamba zikifanya pembe mraba, tawi hubeba kilo 127 hivi, na pembe ikipanuka hadi nyuzi 120, linabeba kilo 90 kamili, sawa na uzito wa mtu mwenyewe. Ni pale tu kamba inapokuwa imepinda kidogo sana, kwa nyuzi 20 hivi kutoka mstari ulionyooka, ndipo mzigo wa geuzo unaposhuka hadi kilo 31, na hapo tawi dogo lenye afya linaweza kufaa. Hesabu hizi ni za mtu aliyetulia. Anayeteleza na kushtuliwa na kamba, mzigo wake huzidi hapo, wala karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, iliyopigwa chapa ya kilonyutoni 22, yaani zaidi ya tani mbili, haisaidii kitu ikiwa imefungwa kwenye tawi lililoliwa na mchwa.

Geuzo lenyewe lina manufaa makubwa. Mwembe hutanda, na mtu anayefanya kazi kwenye ncha ya tawi huku kamba yake ikitoka katikati ya mti huvutwa kuelekea shinani muda wote, na akiteleza huyumba hadi akajigonga kwenye shina. Kamba ikipitishwa kwenye tawi lililo juu yake, humjia kutoka utosini, miguu ikakanyaga imara na mikono ikabaki huru. Mkwezi wa minazi hakuwahi kulihitaji neno hili, kwa kuwa mnazi hauna matawi ya kupitishia kamba, na huenda ndiyo sababu sisi wa Mombasa, tuliozoea kukwea tangu utotoni, tumechelewa kulipatia jina.

Sasa fikiria geuzo likivunjika. Kamba bado imeshikwa na tegemeo, lakini ghafla imelegea kwa urefu wote uliokuwa umepindishwa, hivyo mtu hushuka na kuyumba hadi kamba inyooke, akiwa huenda ameshika msumeno unaozunguka. Fundo la Prusik, linalojikaza kwenye kamba linapovutwa, litamshika, ila halitauzuia mbembeo. Hali ni mbaya zaidi kamba inapokuwa imefungwa chini shinani, ikapanda hadi tawi la juu na kurudi kwa mkwezi. Hapo tawi hilo ndilo linalobeba mzigo maradufu, na likikatika mkwezi huanguka nalo mpaka kamba inaswe na tawi jingine, kama lipo. Kwa hiyo makapi mawili kwenye kamba moja, yakifuatana, hayalindani. Anayetaka tegemeo la pili hana budi kufunga kamba nyingine, mahali pengine, yenye uwezo wa kumbeba peke yake.

Kijana wa Tudor alikuwa na kamba nzuri na alimjali mwenzake, kwani muda wote tulipokuwa tukizungumza hakuyaondoa macho juu. Nilimwomba tu abadilishe maneno. Akiulizwa kamba imekaaje, ataje kwanza tegemeo, kisha geuzo, na amweleze aliye juu ataangukia upande gani tawi lile jembamba likikatika. Alisimama akalitazama, akaita juu, na kamba ikahamishiwa kwenye panda nene iliyokuwa hatua mbili tu kutoka pale.