"Ajali haina kinga" na mengine tunayoambiana mtoto akiumia nyumbani

Mtoto akiungua uji au akitumbukia kwenye ndoo, majirani wakija kutoa pole, maneno ni yaleyale: ajali haina kinga. Yanasemwa kwa huruma, ili mama asijilaumu. Lakini yanafunga mazungumzo, na wiki inayofuata ndoo iko palepale. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti ya dunia kuhusu majeraha ya watoto. Watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifariki kila siku kwa majeraha ambayo hakuna aliyeyakusudia, na angalau 1,000 kati yao wangeweza kuokolewa kila siku kama njia zinazojulikana zingetumika kila mahali. Ukiacha barabarani, vyanzo vikubwa vilikuwa kuzama, kuungua, kuanguka na sumu, mambo ambayo kwa mtoto mdogo hutokea sana nyumbani na uani.

"Usimwagie maji, yataleta malengelenge. Mpake dawa ya meno."

Kwangu hii ndiyo dhana mbaya kuliko zote, maana inapoteza dakika zilezile ambazo ngozi ingeokolewa. Mtoto anamwagikiwa chai. Mmoja anakimbilia dawa ya meno, mwingine asali, mwingine yai bichi au unga wa ngano. Ngozi iliyoungua hubaki na joto ndani, na joto hilo huendelea kuunguza hata baada ya chai kufutwa. Vitu vya kupaka havilitoi. Vinaongeza uchafu, na hospitalini nesi analazimika kuvisafisha kwanza, mtoto akipiga kelele, ndipo aone ukubwa wa jeraha. Malengelenge yanaletwa na moto, si maji.

Maji safi ya kawaida yapite juu ya jeraha kwa dakika 20. Tazama saa, kwa sababu mtoto akiwa analia dakika 5 utaziona kama saa nzima. Bomba likiwa halitoi, chota kwa kopo kutoka kwenye ndoo na umwagie taratibu. Mvue nguo iliyolowa, maana kitambaa hushika joto mwilini, ila iliyogandia kwenye ngozi usiivute. Toa bangili na shanga kabla hapajavimba. Usitumie barafu, na sehemu za mwili zisizoungua zifunike asipate baridi. Hata ukichelewa, maji bado yanasaidia ndani ya saa 3 za mwanzo. Baada ya hapo funika jeraha kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali.

Na kuzuia je? Angalia tunavyoandaa maji ya kumwogeshea mtoto. Sufuria inaepuliwa, maji ya moto yanamiminwa kwenye beseni sakafuni, kisha mtu anatoka kwenda kuchota ya baridi. Katikati ya hatua hizo mbili mtoto anarudi kinyumenyume na kukaa ndani ya beseni. Yatangulie maji ya baridi, ya moto yafuate. Kwa mpangilio huo hakuna wakati wowote beseni linapokuwa na maji ya moto matupu.

"Akizama nitasikia tu."

Hutasikia. Mtoto anayezama hana pumzi ya kulia. Wa mwaka mmoja au miwili kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili. Akiinama kuchezea maji kwenye ndoo ya lita 20 anatangulia kichwa, na mikono yake haina nguvu ya kumrudisha juu. Ndoo iliyojaa haipinduki. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kufunika pua na mdomo, na ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ndoo, pipa na kisima vifunikwe kwa kitu ambacho mtoto hawezi kukisukuma, na maji ya kufulia yamwagwe kazi ikiisha, si jioni.

Akitolewa majini, usimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo ili "atapike maji." Unapoteza muda, na matapishi yanaweza kumziba njia ya hewa. Kama hapumui, anza papo hapo kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua, huku mtu mwingine akitafuta usafiri.

"Kanywa mafuta ya taa? Mpe maziwa, mtapishe."

Hatari kubwa ya mafuta ya taa iko kwenye mapafu kuliko tumboni. Ni mepesi sana, huteleza na kuingia kwenye njia ya hewa mtoto anapopaliwa, na huko husababisha nimonia kali. Ukimtapisha unayapitisha kooni mara ya pili. Maziwa hayaui sumu hiyo. Yanamjaza tumbo na kumfanya atapike. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe, hata kama anacheza vizuri, kwa kuwa kikohozi na kupumua kwa kasi vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Chupa yenyewe mara nyingi ni ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu mafuta tunanunua kwa kupimiwa. Mtoto ameona watu wakinywa kutoka kwenye chupa kama hiyo tangu azaliwe, naye anafanya alichofundishwa. Afrika Kusini walipogawa bure vyombo vya mafuta ya taa ambavyo watoto wadogo hawawezi kufungua, visa vya kunywa mafuta vilipungua karibu nusu. Wazazi hawakubadilika tabia usiku mmoja. Kilichobadilika ni kifuniko.

"Mkaa ukishakolea hauna moshi, ingiza jiko ndani tuote."

Msimu wa baridi Njombe au Limuru hili linasikika sana. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo inamwahi. Jiko lisilale ndani, basi.

"Nimeshamwambia asiguse."

Wa miaka miwili anaweza kukurudishia maneno yako yote, "moto, usiguse", na bado akanyoosha mkono. Kukumbuka katazo na kujizuia ni vitu viwili, na cha pili huchelewa kukomaa. Kumchapa hakukiharakishi. Dada yake wa miaka 7 naye si mlinzi; ni mtoto aliyeachiwa mtoto.

"Hayo ni ya wenye nyumba kubwa."

Wanaoishi chumba kimoja, jiko, kitanda na ndoo pamoja, ndio wana haki ya kuuliza: viwekwe wapi? Havihitaji kabati. Msumari juu ya ukuta unabeba kikapu chenye dawa, sumu ya panya, viberiti na chupa ya mafuta ya taa, mradi pasiwe na stuli chini yake. Jiko likiwashwa nje, matofali ya kulizungushia yanamweka mtoto mbali. Mpini wa sufuria uelekee ukutani. Na wakati wa kusonga ugali, mikono yote miwili ikiwa na kazi, mtu mzima mwingine amshike mtoto; kama hayupo, mtoto afungwe mgongoni kwa kanga baada tu ya sufuria kuepuliwa, si kabla.