Kutundika vizuka: atlasi ya Aby Warburg ukutani

Kazi yangu ni kuandaa maonyesho ya picha za karatasi. Napima mwanga, nachagua fremu, nabishana na mafundi kuhusu misumari ikae kimo gani. Katika yote niliyowahi kushika, hakuna lililonihangaisha kama atlasi ya picha ya Aby Warburg, mwanahistoria wa sanaa wa Kijerumani, aliyoiita Mnemosyne, jina la mungu wa kike wa kumbukumbu wa Wagiriki. Mwenyewe alitaka iwe kitabu. Sisi tunaitundika.

Warburg alizaliwa Hamburg mwaka 1866, katika ukoo wa wenye benki, akachagua vitabu badala ya fedha. Swali lake lilikuwa moja: kwa nini wachoraji wa Kikristo wa Firenze, karne ya 15, waliazima mikono iliyoinuliwa na nguo zinazopepea kutoka kwenye majeneza ya mawe ya Warumi wapagani? Miaka yake ya mwisho alichomeka picha kwa pini kwenye mbao kubwa zilizofunikwa kitambaa cheusi, akapanga, akapangua, akapanga tena. Alipofariki tarehe 26 Oktoba 1929, toleo la mwisho lilikuwa na mbao 63 na picha 971. Namba za mbao zinafika 79, ila usidhani zilizobaki zimeibwa. Kazi ilikuwa bado jikoni.

Wajerumani wana neno Nachleben kwa hayo maisha ya mambo ya kale baada ya kale kufa. Kwa Kiswahili nimehangaika nalo. Akhera siyo, ufufuo siyo. Siku hizi nasema kizuka, kwa sababu ndani yake mna kuzuka: kitu unachodhani umekizika, mara kimekusimamia mlangoni. Nadhani Warburg angeridhika, maana mwenyewe aliuita mradi wake hadithi ya mizimu kwa watu wazima kabisa.

Chukua ubao wa 46. Kiini chake ni mchoro wa ukutani wa Ghirlandaio, mchoraji wa karne hiyo ya 15, katika kanisa la Santa Maria Novella, Firenze: Yohana Mbatizaji amezaliwa, mama yuko kitandani, wageni wamesimama kwa adabu zao. Kulia anaingia mtumishi amejitwika matunda, na nguo yake inapepea kama tanga. Upepo huo unatoka wapi, ndani ya chumba? Aliyewahi kujitwika ndoo anajua pia kwamba huendi na mzigo kichwani kwa mwendo ule. Warburg alimwita Nimfa, kama wale mabinti wa kimungu wa hadithi za Wagiriki: mpagani aliyeingia nyumba ya mtakatifu bila kubisha hodi. Kando yake akaweka wanawake wengine wenye mwendo huohuo, hadi picha ya kamera ya mwanamke wa kijijini huko Settignano. Hakuna maelezo chini yao. Hoja iko katika nafasi nyeusi kati ya picha na picha.

Mbao zenyewe zilipigwa picha, za nyeusi na nyeupe, kisha zikavunjwa, na picha zikarudi katika mkusanyiko wa maktaba. Desemba 1933, Wanazi wakiwa wameshika madaraka, maktaba nzima ilipakiwa melini kwenda London. Huko picha zikachanganyika na nyingine hadi leo zinapita 400,000. Watafiti Roberto Ohrt na Axel Heil, wakishirikiana na Taasisi ya Warburg, walizitafuta moja moja kwa kulinganisha na zile picha za 1929, na mwaka 2020 mbao zote 63 zikaonyeshwa katika jumba la maonyesho la Haus der Kulturen der Welt, Berlin, sehemu kubwa kwa picha zilezile alizozishika Warburg.

Mimi nilijifunza umuhimu wa hilo kwa kukosea. Nilipotengeneza nakala za mbao tatu kwa ajili ya wanafunzi, nilichapisha kila picha upya, safi, rangi kali. Ubao ukafa. Ukawa bango la wakala wa utalii. Katika picha za zamani, jengo zima na sarafu ya Kirumi vinalingana, vyote rangi ya chai hafifu, na ulinganifu huo ndio unaoliwezesha jicho kuruka kutoka kimoja hadi kingine.

Kosa la pili halikuwa langu. Jumba moja nililofanya nalo kazi liling'ang'ania kibandiko cha maelezo chini ya kila picha. Wageni wakasoma vibandiko kama menyu, wakaondoka.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni ubao wa 79. Pamoja na Misa ya Bolsena, mchoro wa Raphael, umebeba picha za Papa Pius XI katika maandamano ya 1929, na ukurasa wa picha wa gazeti la Hamburger Fremdenblatt wa Julai mwaka huohuo. Karatasi ya gazeti haipendi mwanga. Tunaishusha taa hadi luksi 50, wageni wanalalamika giza, na mimi nasimama pale nikilinda kama yai ukurasa ambao huko Hamburg ulitarajiwa kusomwa asubuhi na kufungiwa samaki jioni.